Viduara vinavyong'aa ziwani hapa Kigoma: ni yavuyavu wale wale wa baharini?

Mama Chanja, Kibirizi

Wadau, habari za humu. Salamu kutoka mwisho wa reli.

Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi na kuwaanika. Mwaka huu unatimia wa kumi na nne. Sina elimu kubwa ya viumbe, lakini maji haya nayajua kwa macho, maana kila alfajiri nakaa nayo uso kwa uso nikisubiri mitumbwi irudi na taa zake.

Jumanne upepo ulilala kabisa. Ziwa likatanda kama kioo, unaona mawe ya chini hadi maji ya kifuani. Mwanangu wa darasa la tano alishuka kuchota maji ya kuoshea vyombo, akarudi anatembea polepole, beseni kalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto. Akaniambia, "Mama, maji yana vifungo."

Nikachungulia. Mwanzoni sikuona kitu. Alipolisogeza beseni juani ndipo nikaona vivuli vya duara vikitembea chini, na nilipofuata kivuli kwenda juu nikampata mwenye kivuli. Nilihesabu kumi na mmoja. Wakubwa wanakaribia kizibo cha soda, wadogo ni kama kifungo cha shati. Mwili unapitisha mwanga, katikati kuna duara jingine kubwa lenye weupe wa ukungu, na pembeni nyuzi nyembamba nyingi kama mashono ya ukili. Kila mmoja anajikunja na kujikunjua, anajikunja na kujikunjua, kisha anapumzika na kuanza kuzama taratibu huku nyuzi zimetandazwa. Nilimkinga mmoja kwa kiganja nikamtoa nje ya maji. Hakubaki mnyama, ulibaki ute kama ule mweupe wa yai. Nikamrudisha haraka, akakaa kidogo, akajikusanya, akaanza tena kujikunja.

Hawa nimewaona tangu utotoni. Marehemu baba alivua na karabai, na wakijaa alikuwa akisema usiku huo wavu utapanda na utelezi. Hatukuwahi kuuliza ni nini. Ila sasa kuna wifi yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Alipoona beseni alilinyakua akalimwaga, akapiga kelele kwamba hayo ni mayavuyavu, watoto wataungua ngozi. Tangu siku hiyo watoto wangu wanaoga kwa ndoo mlangoni na ziwa liko hatua mia moja.

Mnisaidie. Je, hawa ni yavuyavu kweli, au wanafanana tu? Wanachoma? Wamefikaje huku wakati bahari iko mbali hivi? Na wakijaa wanawadhuru dagaa? Mtoto ananiuliza kila siku, na nataka nimjibu ukweli, sitaki kumnyamazisha.

Nahodha wa Katonga

Mwanangu, ondoa hofu. Nimezaliwa na ziwa hili na nimevua zaidi ya miaka arobaini. Hao tunawaona sana usiku, taa ikishushwa karibu na maji wanapanda wanazunguka kwenye mwanga pamoja na vidudu vidogo. Nimepiga mbizi katikati yao kufungua wavu ulionasa kwenye jiwe, wakanigusa usoni, machoni, midomoni. Sikusikia kitu. Labda mwasho mdogo kwenye ngozi laini, na hata huo siapi.

Baba yako alisema kweli kuhusu wavu. Wakijaa, matundu yanaziba utelezi na kuvuta kunachosha mikono. Halafu wanatoweka. Unaweza kukaa miezi humwoni hata mmoja, kisha asubuhi moja wako kila mahali. Hilo ndilo ninaloomba na mimi nielezwe: wanakwenda wapi?

Mwalimu wa Baiolojia, Ujiji

Mama Chanja, shikamoo. Mzee Nahodha, shikamoo nawe. Swali hili nalisubiri kila mwaka darasani na halijawahi kuulizwa, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Ni yavuyavu. Jina lake la kisayansi ni *Limnocnida tanganyicae*. Sehemu ya kwanza imetungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la ziwa na jingine la mmea unaowasha. Kwa hiyo ukilifasiri kwetu ni "upupu wa ziwa, wa Tanganyika". Na angalieni jinsi watu wanavyokutana mawazo: wapo wa pwani wanaomwita huyu mnyama kiwavi, kwa ule ule mwasho. Wengine husema konyeza, wengine yavuyavu kama wifi.

Sasa kwa nini anaitwa upupu na Nahodha hakuwashwa? Mayavuyavu, matumbawe na anemoni za baharini ni ukoo mmoja mkubwa, na alama ya ukoo huo ni seli za kuchoma. Ndani ya kila seli kuna kifuko kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na ndani ya kifuko kuna uzi uliosokotwa ukakunjwa, umebanwa kwa presha kubwa. Kitu kikigusa kinywele cha seli ile, kifuko hufunguka na uzi hufyatuka. Watu waliupiga picha ufyatuko huu kwa haidra, jamaa mdogo wa maji matamu, wakakuta ncha yake inachomoka kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mshale wala risasi inayoongeza kasi upesi hivyo.

Yavuyavu wetu anazo seli hizo, nyuzi zote za pembeni zimejaa. Ila silaha yake imepimwa kwa windo lake. Anakula vidudu wadogo wa jamii ya kamba, wale wanaoonekana kama vumbi linalorukaruka ukichota maji kwenye glasi. Ngozi ya vidudu hao inatoboka, ngozi yetu ni nene kwake. Kwa hiyo mama, watoto waoge. Na nikiwa hapo hapo kwenye kuoga niseme jambo ambalo si la yavuyavu: ufukweni kwetu kinachodhuru watoto ni kichocho, kinachotokana na konokono wa maji yaliyotulia kwenye majani. Ukichagua pa kuogea, chagua penye mawe na mawimbi, epuka kwenye nyasi.

Mlichokiona katika beseni, nitakieleza kuanzia katikati. Duara lile la ukungu ni tumbo, na mdomo wake ni mpana ajabu, umechukua nafasi kubwa ya upande wa chini. Ndiyo sura inayomtambulisha huyu wetu. Mlango ni huo mmoja: chakula kinaingia hapo, na makapi yanatoka hapo. Moyo hana, damu hana, mifupa hana. Mwili ni tabaka mbili nyembamba za seli, na katikati yake ule ute ulioubeba kiganjani. Zaidi ya sehemu tisini na tano katika mia ya mwili ni maji, ndiyo maana ukimtoa ziwani umbo linakufa kabla ya mnyama. Maji ndiyo yanayomshikilia. Oksijeni inapenya moja kwa moja kwenye ngozi, hahitaji mapafu wala matamvua.

Ubongo pia hana, lakini msidhani hana habari. Ana mishipa ya fahamu iliyotandazwa kama wavu, na pembeni mwa mwavuli imekusanyika kama pete. Kwenye ukingo huo huo ana vifuko vidogo vya mizani, ndani yake kuna punje inayomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Anapojikunja maji yanasukumwa nje naye anaruka mbele. Ukitazama vizuri sana utaona ukingo wa mwavuli una utando mwembamba unaoingia ndani, kama kola. Utando ule unabana mlango wa mwavuli, maji yanatoka kwa nguvu zaidi. Yavuyavu wakubwa wa baharini wengi hawana kola hiyo. Ndugu zake hawa wadogo, tunaowaita haidrozoa, wanayo.

Kuhusu wanakokwenda. Mnyama huyu ana maisha mawili. Yule anayeogelea tunamwita medusa. Mwingine anaitwa polipu, naye ni kijidudu cha milimita chache tu kinachokaa kimeshikamana na jiwe au jani la chini, huwezi kumtambua hata ukimkanyaga. Polipu huchipua kama muhogo, na kichipukizi kikikomaa kinakatika kuwa medusa. Medusa nao ni wa kike na wa kiume, wanatoa mayai na mbegu, na kutoka hapo hupatikana polipu tena. Yavuyavu wetu ana njia nyingine ambayo wengi hawana: medusa wake huchipua medusa wadogo pembezoni mwa tumbo lake, bila kupitia chini kabisa. Hali ikiwa nzuri mmoja anakuwa wengi kwa haraka, ndiyo asubuhi ile ya Nahodha ambayo wako kila mahali.

Lingine ni kwamba wanapanda na kushuka. Mara nyingi wakubwa hukaa chini mchana na kupanda usiku. Ila hawawezi kushuka bila mwisho. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa, lakini upande huu wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki, hakuna yavuyavu, ni maji yasiyopumulika. Sisi tunaishi juu ya ngozi nyembamba ya ziwa.

Na dagaa? Hili ni zito na nalijibu kwa kiasi. Yavuyavu na dagaa wanakula sahani moja, wote wanategemea vile vidudu. Lakini watafiti waliomchunguza katika ziwa hili walimkuta na bakteria wadogo wa kijani ndani ya mwili wake, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama majani yanavyofanya. Kwa hiyo sehemu ya riziki yake anaibeba mwenyewe. Nisingemhesabu kuwa mwizi wa dagaa.

Mdigo wa Moa

Assalaam alaykum. Nimesoma nikaona nimtetee wifi, maana alichokifanya kwetu pwani ni busara.

Nilikuwa na miaka tisa, tunavuta juya pale Moa. Kamba inapita mapajani, na kamba imenasa nyuzi za yavuyavu aliyekatika, mwenyewe hayupo hata wa kumwona. Nilihisi kama nimechapwa na waya wa umeme. Michirizi ilivimba ikawa miekundu kama mijeledi, na usiku nilitapika. Alama moja iko kwenye paja hadi leo, imekuwa kama kamba ya viatu iliyolazwa. Kwa hiyo mtu wa Tanga akiona mwavuli ndani ya maji, mkono unatangulia akili.

Kwenu huko mna mmoja, huku kwetu ni kabila nzima. Yupo mwenye mduara wa maua manne katikati, huyo mwasho wake ni mdogo. Yupo anayelala chali kwenye matope ya mikoko, miguu juu, anaota jua kama anayesubiri kiangazi. Nilidhani anakufa, kumbe ndivyo anavyoishi, ana mimea midogo mwilini inayohitaji jua. Yupo mwenye puto la buluu linaloelea juu na uzi mrefu chini, upepo ukivuma unamleta ufukweni, na watoto humpasua kwa vidole. Huyo msimguse hata akiwa amekauka, seli zake hufyatuka ingawa mwenyewe amekufa. Na nimesoma kwamba wataalamu hawamhesabu kuwa yavuyavu hasa, kwa sababu si mnyama mmoja. Ni kundi la viumbe waliounganika, mmoja puto, mwingine mdomo, mwingine uzi wa kuchoma.

Kwa mtu atakayeungua baharini, tusirudie kosa walilonifanyia mimi. Walinisugua kwa mchanga wakanimwagia maji ya kisima. Vyote viwili vinafyatua seli zilizobaki kwenye ngozi. Suuza kwa maji ya bahari yenyewe, toa nyuzi kwa kibanio, kisha loweka palipoungua kwenye maji ya moto ambayo mtu anayavumilia. Akianza kubanwa kifua au kuishiwa pumzi, hospitali bila kungoja.

Mama Chanja, msamehe wifi. Alikuwa anawapenda watoto wako.

Mnyamwezi wa Ipuli

Mwangaluka, mayo. Mie niko Tabora na ziwa sina, lakini habari ya mnyama huyu ina nyayo zake huku kwetu, acha niilete.

Mwaka 1880 Wajerumani walifika Unyamwezi kufungua kituo cha uchunguzi, wakakaa Kakoma, kusini mwa Tabora. Mmoja aliitwa Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, aliyependa zaidi ndege. Alikaa huku kwenye miombo akichora ndege na kuandika, na mwaka 1883 alikuwa Tanganyika. Ndipo akaona ziwani kitu ambacho kwa elimu ya siku zile hakikutegemewa kuwa kwenye ziwa la bara: medusa wanaoogelea. Aliandika kwao kuwaarifu. Mwaka uliofuata, 1884, alifariki kwa homa akiwa safarini upande wa Katanga, hajafikisha miaka thelathini. Maelezo kamili ya kisayansi yalikuja mwaka 1893, yakiandikwa na Mwingereza Robert Günther.

Wazee wenu wavuvi walikuwa wakiwatoa kwenye nyavu kabla ya Böhm kuzaliwa, hilo silisahau. Lakini barua yake iliwasha moto. Mwingereza mwingine, J. E. S. Moore, alikuja ziwani mwaka 1896 na akarudi tena 1899 kwa sababu ya swali lile lile analouliza mtoto wa Mama Chanja: wamefikaje? Moore aliona yavuyavu, akaona na konokono wa Tanganyika wenye magamba mazito yaliyopambwa kama ya baharini, akaamua kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika ndani ya bara.

Ni wazo linalovutia na nilipolisoma mara ya kwanza nililipenda. Lakini halikusimama. Ziwa limo ndani ya Bonde la Ufa, ardhi iliyopasuka na kudidimia, na maji yake ni ya mito na mvua. Konokono wale walipata magamba mazito humo humo ziwani, wakishindana na kaa wanaowavunja. Na yavuyavu huyu hayuko Tanganyika peke yake kama Moore alivyodhani. Amepatikana Kongo, Niger, Zambezi, hadi kwenye bwawa la Kariba, na ana ndugu India. Watu wa Tanganyika tumemfahamu kwa jina letu tu kwa sababu hapa ndipo alipoandikwa kwanza.

Kuna mwingine wa maji matamu, *Craspedacusta sowerbii*, asili yake China. Huyo aligunduliwa London mwaka 1880, ndani ya tangi la mayungiyungi katika bustani ya Regent's Park. Polipu wake walikuwa wamejibanza kwenye mimea. Mnyama wa ukubwa wa sarafu alivuka mabahari bila nauli, kwa hiyo sishangai huyu wetu kutoka mto mpaka ziwa.

Mayo, hata dagaa unaoanika ni wa ukoo wa baharini. Ndugu zao wa karibu wako mito ya Afrika Magharibi, na mababu zao waliingia maji matamu mamilioni ya miaka iliyopita. Chanja yako imebeba safari ndefu.

Mama Chanja, Kibirizi

Nimesoma yote kwa sauti jana usiku, wifi akiwa amekaa kwenye mkeka anasikiliza. Mdigo wa Moa, uliposimulia paja lako alinyanyua kanga akatuonyesha kifundo cha mguu. Ana alama kama yako. Miaka yote hii sikuijua. Nimemwomba radhi kwa maneno niliyomwambia siku ya beseni.

Mwalimu, leo nimefanya kitu. Nahodha mmoja wa hapa aliniletea wanane kwenye dumu alfajiri, aliwachota kwa upawa karibu na taa. Niliwaweka kwenye bakuli la kioo lenye maji ya ziwa, nikatandika kanga nyeusi nyuma, nikaagiza mtoto amulike tochi kutoka ubavuni. Wadau, sijawahi kuona kitu kama kile. Gizani ute haukuwa ute tena. Kila uzi ulionekana. Zingine fupi zimesimama, zingine ndefu zimelegea, na kile kidudu cha vumbi ulichokisema kilipogusa uzi kilishtuka mara moja tu kisha kikatulia. Uzi ukajikunja taratibu kuelekea chini, kwenye ule mdomo mpana. Mwanangu alishika pumzi mpaka nikamwambia apumue.

Na mmoja, mkubwa kuliko wote, ana vidole vidogo kuzunguka tumbo. Niliviona vitano. Kimoja kilikuwa tayari kina umbo la mwavuli na kinajikunja chenyewe, kikiwa bado kimeshikwa. Je, hao ndio watoto uliowasema?

Mtoto ana swali lingine. Shuleni mwenzake amemwambia kuna yavuyavu asiyekufa. Ni kweli au ni hadithi?

Mwalimu wa Baiolojia, Ujiji

Mama, ndio hao. Umeona kwa tochi na kanga kitu ambacho mimi naonyesha kwa mchoro wa chaki, na naomba ruhusa niifanye darasani kama ulivyoifanya. Usitumie maji ya bomba, dawa iliyomo itawaua, na usiwaache bakulini hadi jua lipande. Maji kidogo yakipata joto yanawachosha upesi.

Asiyekufa yupo, ila neno lenyewe linahitaji kufunguliwa. Anaitwa *Turritopsis dohrnii*, wa baharini, mdogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo. Medusa wake akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kujikunja, akazama, akageuka kuwa polipu upya, kama kuku mzima anayerudi kuwa yai. Kutoka polipu ile wanachipua medusa wengine. Kuliwa analiwa, kuugua anaugua. Ila uzee kwake una mlango wa kurudi.

Mwambie pia habari ya *Aequorea victoria* wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambaye ukingo wake hutoa mwanga wa kijani. Mjapani Osamu Shimomura aliwavua kwa maelfu akitafuta chanzo cha mwanga, na mwaka 1962 akaeleza protini inayong'aa kijani. Leo maabara za dunia nzima zinaipachika kwenye seli ili zione kinachotembea ndani ya mwili, seli ya saratani, mshipa wa ubongo. Yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Na kama anapenda makubwa: yupo wa bahari za baridi za kaskazini, *Cyanea capillata*, ambaye mwavuli wake hupita mita mbili na nyuzi zake hupita mita thelathini. Na yupo wa Australia, yavuyavu wa umbo la sanduku, mwenye macho ishirini na manne, mengine yana lenzi kama yetu, na sumu inayoweza kuua mtu kwa dakika chache. Huyo wifi asingemwaga beseni, angekimbia, na angekuwa sahihi.

Nahodha wa Katonga

Mwalimu, nashukuru kwa hilo la polipu. Miaka yote nawatafuta majini kumbe nilikuwa nimesimama juu yao.

Mama Chanja, Kibirizi

Mzee wangu, shikamoo. Na sisi ndipo tulipofikia.

Saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, tuliteremka kuwarudisha. Mtoto aliomba ahesabu kwanza. Wanane walikuwa tisa. Yule mkubwa alibaki na vidole vinne, na pembeni ya bakuli palikuwa na kimoja cha ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, kinajikunja kwa haraka kuliko wengine wote, kama kina shughuli ya kuwahi. Tulizamisha bakuli lote majini tukasubiri watoke wenyewe. Wifi aliingia hadi magotini akawasukuma kwa kanga wasirudi ufukweni.

Watoto walioga hapo hapo, upande wa mawe. Mdogo wangu wa mwisho bado anashika mkono wa dada yake anapoingia.

Mwalimu, Jumamosi tunakwenda Bangwe kugeuza mawe. Nimeazima lenzi ya fundi saa wa Mwanga. Tuelekeze: tuangalie upande wa chini wa jiwe au wa ubavuni, na kwenye maji ya kina gani?